Mvuke Ukitoka, Unaenda Wapi?

Leo ninawaomba uvumilivu kidogo, juu nitaongea habari ya viwanda vya kemikali. Najua kuna watakaosema: mwalimu, hayo ni mambo ya mainjenieri, sisi yanatuhusu nini? Yanatuhusu sana. Viwanda vinajengwa karibu na watu, na penye watu kuna nyumba, masomo, soko, na bustani ya sombe nyuma ya jiko. Chuma kikishindwa kule ndani, kinachotoka hakimuulizi mtu kama amesoma kemia.

Tuanze jikoni, maana jikoni ndiko tunakojua. Mama mwenye sufuria ya presha anaweka maharagi na maji, anafunga mfuniko kwa nguvu, anawasha moto. Maji yanageuka mvuke, na mvuke unataka nafasi kubwa kuliko maji. Nafasi haipo, kwa hiyo unasukuma. Juu ya mfuniko kuna kizito kidogo ambacho mvuke ukizidi kinainuka, kinacheza, na tunasikia ile sauti ya shiii. Tena sufuria nyingi zina tundu la pili, lenye kifuniko kidogo kinachofunguka kama lile la kwanza limezibwa na ganda la haragi. Hilo tundu la pili ni la usalama. Anayeliziba kwa kijiti ama msumari kusudi maharagi yaive haraka anatengeneza bomu katikati ya watoto wake. (Mkitoka kusoma hapa, nendeni mkaangalie matundu ya sufuria zenu. Tunaweza kungoja.)

Kiwanda cha kemikali ni jiko la namna hiyo hiyo, ila sufuria zake zinaweza kuwa kubwa kama nyumba. Kila chombo kinachofungwa na kupashwa moto kinapaswa kuwa na mlango wa usalama. Wakati mwingine ni supapu, yaani kifuniko kinachobanwa na springi. Presha ikizidi kinafunguka, ikipungua kinajifunga. Wakati mwingine ni kisahani cha chuma chembamba ambacho kimetengenezwa kusudi kipasuke kabla ya chombo chenyewe. Kazi ya vyote viwili ni moja: sufuria isipasuke. Chombo kikubwa kikipasuka, vipande vinaruka, ukuta unaanguka, watumikaji wanakufa.

Lakini sasa angalieni tofauti. Jikoni, kinachotoka kwenye lile tundu ni mvuke wa maji. Utachoma mkono ukiuweka karibu, basi, mambo yamekwisha. Kiwandani kinachotoka ni kile kilichokuwa kinapikwa: sumu, asidi, gesi inayokata pumzi. Kwa hiyo supapu ikifunguka, sufuria imepona, na swali la pili ndilo linaanza: kilichotoka kimeenda wapi? Ni swali hilo la pili ambalo mara nyingi halikuulizwa mpaka watoto walipougua.

Kwanza tuelewe kwa nini presha inapanda. Kuna michanganyiko ya kemikali ambayo inatoa moto yenyewe, bila kuni. Mama aliyepata kumwagia maji chokaa mbichi ameona: inachemka bila moto chini yake. Na moto unaongeza mwendo. Wanafunzi wa kemia wanafundishwa kwamba, kwa kukadiria, joto likipanda digrii 10, kazi ya kemikali inakwenda mbio mara mbili. Ikienda mbio mara mbili, inatoa moto mara mbili. Moto huo unaongeza mbio tena. Kama maji ya kupoza hayatoshi, hakuna kitakachosimamisha.

Na ukubwa wa chombo unazidisha matata. Tunajua kwenye matanga: ile sufuria kubwa ya bukari inabaki ya moto mpaka usiku, wakati sahani ya mtoto imepoa kabla hajanawa mikono. Chombo kidogo kina ngozi nyingi kulingana na tumbo lake, kwa hiyo kinatoa joto haraka. Chombo kikubwa kina tumbo kubwa na ngozi kidogo. Kemikali iliyokuwa ya upole ndani ya chupa ya maabara inaweza kuwa mnyama mkali ndani ya tangi la tani 10.

Sasa twende Italia ya kaskazini, karibu na mji wa Milano. Siku ya Posho, tarehe 10 mwezi wa 7 mwaka 1976. Kulikuwa na kiwanda kilichoitwa ICMESA, cha kampuni ya Givaudan, ambayo nayo ilikuwa mali ya kampuni kubwa ya dawa ya Uswisi, Hoffmann-La Roche. Mle walitengeneza kemikali inayoitwa trikilorofenoli, ambayo ilitumiwa kutengeneza dawa ya kuua vijidudu iliyowekwa katika sabuni. Kitu cha usafi, yaani. Kiwanda kilikuwa katika mji wa Meda, lakini upepo ulikuwa unaelekea Seveso, na ni jina la Seveso ambalo dunia ilikumbuka.

Asubuhi ile, saa 12, zamu ya usiku ilimaliza kazi. Kazi ya ndani ya chombo haikuwa imekwisha, lakini mwisho wa juma ulikuwa umefika, kwa hiyo walizima mvuke wa kupasha, wakazima na mwiko wa kukoroga, wakaenda nyumbani. Chombo kilikuwa na joto la digrii 158 hivi, na walifikiri kitapoa polepole. Lakini ule mvuke uliokuwa ukipasha kuta za chombo ulikuwa wa moto kupita kawaida siku ile, juu sehemu nyingine za kiwanda zilikuwa zimepunguza kazi. Kuta za sehemu ya juu zilibaki na moto mwingi. Moto huo ulishuka kwenye uso wa kile kilichokuwa ndani. Na kwa kuwa hakuna mwiko uliokuwa unakoroga, moto haukusambaa. Ulikaa juu, kama ngozi ya uji. Pale juu, polepole, ile mbio niliyowaeleza ikaanza. Hakuna kengele iliyolia. Hakuna maji ya kupoza yaliyojifungua yenyewe. Kiwanda kilikuwa karibu kitupu.

Saa 6 na dakika 37 mchana, kisahani cha usalama kilipasuka. Tukipima kwa kipimo cha injenieri, kila kitu kilikwenda vizuri: sufuria haikupasuka, kisahani kilifanya kazi yake. Ila bomba lililotoka pale lilipanda moja kwa moja juu ya paa na kuishia hewani. Waliotengeneza kile kisahani walikuwa wameshauri kuwe na tangi la pili la kupokea vitu vya sumu. Tangi hilo halikuwekwa.

Kwa dakika 20 hivi wingu lilitoka, mpaka mtumikaji mmoja alipofika na kufungua maji ya kupoza. Ndani ya wingu mlikuwa na dayoksini, ambayo ni moja ya sumu kali sana ambazo binadamu ametengeneza bila kutaka. Inazaliwa hasa wakati kemikali hiyo inapashwa moto kupita kiasi, na ndivyo ilivyokuwa. Wataalamu wengi wanakadiria ilikuwa kilo 1 hivi, wengine wanasema zaidi. Kilo 1, wamama! Mfuko mdogo wa sukari, na eneo la kilometa za mraba karibu 18 likachafuka.

Ilikuwa mchana, jua linawaka, watoto wako nje. Siku zilizofuata majani yalianza kukauka. Sungura na kuku walianza kufa katika nyua za watu. Watoto walitokwa na vidonda na wekundu usoni na mikononi. Wanganga hawakujua wanatibu nini, juu hakuna aliyewaambia ni sumu gani. Kampuni iliambia wakubwa wa mji kwamba kuna wingu la dawa ya magugu, watu wasile mboga za bustani. Jina la dayoksini lilisemwa wazi baada ya siku 10 hivi. Zaidi ya majuma mawili yalipita kabla familia za kwanza hazijahamishwa. Waliohamishwa kutoka eneo lililochafuka zaidi walifika watu 736, na baadhi yao hawakurudi tena katika nyumba zile. Wanyama zaidi ya 3,000 walikufa, na makumi ya maelfu wengine walichinjwa kusudi sumu isiingie katika nyama na maziwa. Hakuna mtu aliyeanguka na kufa siku ile. Lakini karibu watu 200, wengi wao watoto, walipata ugonjwa wa ngozi unaoletwa na sumu hiyo, vipele vigumu vilivyoacha makovu usoni.

Wamama wenye mimba waliachwa na swali ambalo hakuna mtu alipaswa kuwaachia. Je, mtoto aliye tumboni ni mzima? Hakuna munganga aliyeweza kuwajibu. Sheria ya Italia wakati ule ilikataza kutoa mimba. Wengine walipata ruhusa ya pekee, wengine walisafiri nje ya inchi, wengine walibeba mimba zao huku wakihesabu siku na kusali. Kila mtu alikuwa na la kusema juu yao: kanisa, vyama vya siasa, magazeti. Mimi sitaongeza langu. Nasema tu kwamba woga ule wote ulitoka kwenye bomba moja lililoishia hewani.

Kuna jambo moja la Seveso ambalo nataka wamama wa chama chetu walijue hasa. Damu ya watu wengi ilitolewa mwaka ule 1976, ikawekwa kwenye baridi. Miaka 20 baadaye, mwaka 1996, wataalamu walianza kufuata afya ya wanawake wa pale, wanawake 981 ambao walikuwa watoto ama vijana ama wamama wakati wingu lilipopita, wakaipima ile damu ya zamani. Kwa hiyo kuna wanawake ambao maisha yao yote, uzazi wao na magonjwa yao, yamekuwa somo juu ya nini kilo 1 inaweza kufanya. Wataalamu wengine walitazama wazazi wa kiume. Wakaona kwamba baba waliokuwa na dayoksini nyingi katika damu, hasa wale walioipata wakiwa vijana wadogo, walizaa wasichana wengi kuliko wavulana. Sikia hiyo! Kwetu mwanamke akizaa wasichana watatu, ukoo wa mume unaanza kunung'unika. Kule damu ya baba ndiyo ilipimwa, na ndiyo ilitoa jibu.

Basi, wangefanya nini na kile kilichotoka? Tangu zamani mainjenieri wanajua namna kadhaa za kukikamata. Ya kwanza ni tangi tupu la kupokea: bomba la usalama haliendi juu ya paa, linaenda katika tangi kubwa la pembeni, na kila kitu kinabaki pale mpaka watu waje kukishughulikia kwa utulivu. Namna ya pili ni kuweka maji baridi ndani ya tangi hilo. Kile kinachotoka kinaingia chini ya maji, kinapoa mara moja, na ile kazi ya kemikali inasimama, kama unavyotumbukiza kijinga cha moto katika ndoo. Wengine wanaweka kwanza chombo chenye umbo la mpare ambamo mchafuko unazungushwa kwa nguvu: vitu vizito na vya majimaji vinagonga ukuta na kuanguka chini, gesi inapita juu. Ndivyo tunavyopepeta mchele katika ungo, kizito hapa na kapi kule.

Gesi iliyobaki nayo inahitaji kazi. Inaweza kuoshwa: inapandishwa ndani ya mnara huku juu yake kunanyunyizwa maji yenye soda kali, ambayo inaua asidi. Ama, kama ni gesi inayowaka, inachomwa juu ya bomba refu lenye mwenge usiozimika. Na kama ni amonia, ile gesi inayotumiwa kuleta baridi katika viwanda vingi vya pombe na vyumba vikubwa vya samaki, kuna njia rahisi inayokubalika: bomba la supapu linaingizwa ndani ya tangi la maji. Amonia inapenda maji kuliko hewa. Lita 8 na kidogo za maji kwa kila kilo 1 ya amonia ndicho kipimo kinachotumika. Tangi la maji si kitu cha ajabu. Si kitu cha bei ya kutisha pia.

Shida moja iliwasumbua mainjenieri kwa muda mrefu, na wamama wataielewa kuliko wengi. Walikuwa wakihesabu ukubwa wa tundu la usalama kama vile kitakachotoka ni gesi tupu. Lakini tikisa chupa ya fanta halafu uifungue. Je, inatoka gesi peke yake? Inatoka povu! Gesi na maji pamoja, inajaza mkono na meza. Chombo kinachochemka kwa hasira kinafanya vile vile. Povu ni zito, linapita polepole katika tundu, kwa hiyo tundu lililotosha kwa gesi linaweza kuwa dogo mno kwa povu, na tangi la kupokea lililohesabiwa kwa gesi linaweza kujaa na kufurika. Mwaka ule ule wa 1976, kule Marekani, makampuni 29 yaliungana chini ya chama cha mainjenieri wa kemia kusudi kuchunguza jambo hili, na hesabu mpya walizotoa zinatumika mpaka leo. Ulaya nayo ilitunga sheria mwaka 1982, inayoitwa kwa jina la Seveso. Tangu hapo, kiwanda chenye vitu vya hatari nyingi kinalazimishwa kuandika mpango wa ajali, na majirani wana haki ya kuambiwa kuna nini nyuma ya ukuta na wafanye nini king'ora kikilia.

Mama mwenye akili atauliza: basi, wakiweka hayo matangi na minara, tumepona? Jibu linatoka India, katika mji wa Bhopal, usiku wa tarehe 2 kuamkia tarehe 3 mwezi wa 12 mwaka 1984. Kule kiwanda cha Union Carbide kilitengeneza dawa ya kuua wadudu, na ndani ya tangi namba 610 kulikuwa na tani 40 hivi za kemikali inayoitwa metili isosayaneti. Kemikali hiyo inachemka kwenye joto la digrii 39 tu, joto la mtoto mwenye homa. Ndiyo maana ilipaswa kukaa kwenye baridi. Usiku ule maji yaliingia ndani ya tangi, joto likapanda, presha ikapanda, supapu ikafunguka. Hapa tena, tangi halikupasuka.

Tofauti na Seveso, Bhopal walikuwa na kila kitu. Mtambo wa baridi ulikuwepo. Ulikuwa umezimwa tangu katikati ya mwaka. Mnara wa kuosha gesi kwa soda ulikuwepo. Ulikuwa umewekwa pembeni, na hata ungekuwa unafanya kazi ulikuwa mdogo mno kwa gesi nyingi namna ile. Mwenge wa kuchoma ulikuwepo. Kipande cha bomba lake kilikuwa kimeliwa na kutu, wakakiondoa, kipya hakijawekwa. Tangi la akiba la kupokea lilikuwepo, halikuwa tupu. Mipira ya maji ya kuzima gesi ilikuwepo. Maji yalifika mita 15 hivi juu, wakati gesi ilikuwa inatoka kwenye bomba la mita 33. Vitu vitano, na hakuna hata kimoja kilichokuwa macho. Ukiniuliza mimi, hiyo ni mbaya kuliko Seveso. Seveso walikosa tangi. Bhopal walikuwa na orodha ndefu ya kumuonyesha mkaguzi, na makaratasi ya orodha hayazuii gesi.

Watu walilala ng'ambo ya barabara, katika vibanda. King'ora cha mji kililia kidogo kikazimwa. Watu waliamka macho yakiwaka, wakakimbia, na kukimbia kuliwafanya wavute gesi zaidi. Kitambaa kilicholowa maji, kikiwekwa puani na mdomoni, kingewasaidia wengi, juu gesi ile inakamatwa na maji. Hakuna aliyekuwa amewaambia. Serikali ya jimbo ilihesabu waliokufa 3,787 kutokana na gesi. Vyama vya walioathiriwa vinasema ni wengi kuliko hapo mara nyingi. Walioguswa na gesi ni zaidi ya nusu milioni.

Na kule Bhopal ni wanawake walioshika kazi. Rashida Bee na Champa Devi Shukla, mmoja Mwislamu na mmoja Mhindu, walikutana katika kazi ya kutengeneza daftari na vitu vya kuandikia waliyopewa wanawake walioathiriwa. Wakaanzisha chama cha wafanyakazi. Mwaka 1989 walitembea kwa miguu pamoja na wenzao, na watoto, mpaka Delhi kudai haki. Mwaka 2004 walipewa tuzo ya Goldman ya mazingira, na feza ya tuzo hiyo wakaifanya kuwa mfuko wa kusaidia watoto waliozaliwa na ulemavu. Hawakuwa mainjenieri. Rashida Bee hakuwa amesoma masomo ya shule.

Turudi kwetu. Katika Katanga yetu shaba na kobalti vinatolewa katika mawe kwa asidi ya sulfuriki, na asidi hiyo inatengenezwa kwa kuchoma kiberiti na kupata gesi inayochoma kifua. Katika miji mingi duniani maji ya bomba yanasafishwa kwa klorini, ambayo inaweza kuletwa katika mitungi yenye presha. Kuna viwanda vya pombe. Kuna matangi ya gesi ya kupikia yanayozidi kuongezeka. Sisemi kwamba kiwanda fulani kina kasoro. Sijaingia ndani ya hata kimoja na kipimo mkononi. Nasema kila kimoja cha namna hiyo kina mlango wa usalama mahali fulani, na jirani ana haki ya kuuliza mlango ule unafungukia wapi.

Kampuni za migodi zinajua njia ya kukaa na wakaaji. Kanuni ya migodi iliyobadilishwa mwaka 2018 inawataka wafanye hati ya ahadi pamoja na watu wa mahali, na watoe angalau 0.3 kwa mia ya mapato ya mauzo yao kwa maendeleo ya watu hao. Katika mikutano hiyo tunasikia habari ya masomo, visima, dispansari. Ni vema sana. Lakini chama cha wamama kikiwa mezani, kiulize pia: supapu zenu zikifunguka, kinachotoka kinaenda katika tangi gani? Tangi hilo liko tupu leo? Mara ya mwisho mnara wa kuosha ulijaribiwa siku gani, na nani alikuwepo? King'ora kikilia usiku, sisi wa kartie tunaelekea upande gani, na nani atatuambia gesi ni ya aina gani kusudi munganga wa dispansari ajue anatibu nini? Msikubali jibu la "kila kitu kipo". Bhopal pia kila kitu kilikuwepo. Ombeni kuonyeshwa kwa macho. Anayeosha sufuria kila siku anajua kutofautisha chombo kinachotumika na chombo kilichowekwa kwa ajili ya wageni.

Na kama siku moja harufu inayokata pumzi inaingia katika kartie, jambo la kwanza ni upepo. Tazameni moshi wa majiko ama nguo kwenye kamba. Usikimbie mbele ya gesi kwa njia ile ile inayoelekea. Katisha upande, ukitoka nje ya njia ya upepo. Loweka kitenge kwa maji, funika pua na mdomo wa mtoto na wako, tembea kwa haraka lakini usihangaike mpaka ukaanza kuhema. Klorini ni nzito kuliko hewa, inashuka katika mabonde na mifereji, kwa hiyo usimfiche mtoto mahali pa chini, panda juu. Ukishindwa kutoka, funga mlango na madirisha, ziba nafasi kwa vitambaa vilivyolowa, mkae chumba cha mbali na upande wa upepo. Macho yakiwaka, yaosheni kwa maji safi mengi, dakika 15 kamili, hata mtoto akilia. Nguo zilizoguswa zivuliwe na kuachwa nje. Na sombe ya bustani, lengalenga, mayai ya kuku wanaotembea uani, visiliwe mpaka mtu anayejua ni kitu gani kilichotoka aseme vinalika. Watu wa Seveso waliambiwa jambo hilo peke yake, tena bila kuambiwa sababu.

Ukurasa huu unaweza kukatwa na kubandikwa kwenye ukuta wa chumba cha mikutano. Tutauliza maswali yale manne katika mkutano wetu ujao na kiongozi wa kartie. Mwenye ndugu anayetumika kiwandani amwalike, tutampa kiti cha mbele na chai.